Uzi gani wa kumvulia besi kwenye magugu ya Naivasha?

KijanaWaLanet

Wadau, hamjambo. Naishi Nakuru, upande wa Lanet, na wikendi ikiniruhusu huteremka Naivasha kuvua besi. Fimbo yangu ni ya futi saba, ngumu kiasi, na rili ni ile ya kuning'inia chini ya fimbo. Nimeijaza nailoni ya paundi 12.

Maji yakiwa wazi sina malalamiko. Balaa ni kwenye hayasinti, lile gugu linaloelea. Besi anadaka, navuta, anapiga mbizi moja tu mpaka kwenye mizizi, fimbo inapinda na hakuna kinachosogea, halafu pap! Uzi unarudi mwepesi. Samaki ameenda na chambo kimeenda, na chambo bandia si bei ya mandazi.

Dukani wananiambia nichukue florokaboni, eti samaki hauoni. Jamaa ninayevua naye anasema uzi wa kusuka na hataki kusikia kingine. Binamu yangu anasema nipandishe nailoni hadi paundi 25 niache kelele. Pesa niliyo nayo ni ya spuli moja. Nikifungua video za mafunzo, wote wako Marekani, wana fimbo sita kwenye boti na kila fimbo ina uzi wake. Mimi nina moja. Nichukue upi, na wa paundi ngapi?

NahodhaKamere

Wa kusuka, paundi 50.

Sasa nieleze, maana najua kuna mtu anakuja kunibishia hapa chini.

Watu wengi huchagua uzi wakimfikiria samaki. Besi wengi ninaowaona wakitolewa Naivasha hawafiki kilo mbili. Samaki huyo hana ubavu wa kukata nailoni ya paundi 12, ambayo ni kama kilo tano na nusu, ikiwa breki ya rili imewekwa vizuri. Anayekukatia ni gugu. Besi akishaingia kwenye mizizi anazungusha uzi kwenye mashina mawili matatu, na kuanzia hapo humvuti samaki tena, unavuta samaki pamoja na kichaka kizima kilicholowa maji. Basi uzi upimwe kwa kichaka, samaki aje baadaye.

Nailoni ikikazwa hurefuka. Ikikaribia kukatika inaweza kuwa imeongezeka hata robo ya urefu wake. Ukiwa umerusha mita ishirini, mkupuo wako wote wa kumnasa unaishia kuinyoosha nailoni, na besi anapata nafasi ya kuamua anaelekea wapi. Hajawahi kuamua kuja kwako. Uzi wa kusuka hurefuka asilimia chache tu: ukivuta huku, ndoana inaingia kule saa hiyo hiyo.

Halafu unene. Paundi 50 ya kusuka ni kama milimita 0.36, karibu sawa na hiyo nailoni yako ya paundi 12. Kwa hiyo rili yako itabeba urefu ule ule, ila nguvu mara nne. Na ukiwa umekazwa unapita kwenye mashina laini ya hayasinti kama msumeno. Nailoni hulala tu juu ya shina ikateleza.

Florokaboni ni nzuri, lakini si kwa shida uliyotuletea.

DungaKabisa

Omera, swali kutoka Kisumu. Nailoni si ilikatazwa? Huku ukipatikana nayo unaondoka ufuoni ukisindikizwa.

FundiRili

Kilichokatazwa ni nyavu za monofilamenti, ndugu. Hazionekani majini, zinakamata hadi vitoto, na zikipotea ziwani zinaendelea kuua bila mwenyewe. Uzi wa fimbo na ndoana ni jambo lingine. Leseni ya kuvua ndiyo usiende bila.

Na huko kwenu besi hayuko. Hayasinti mnayo ya kutosha, mbuta mnaye, besi hapana.

DungaKabisa

Hayasinti tunaijua kuliko nyinyi wote hapa. Ikifunga Ghuba ya Winam hata boti la injini linakaa. Ndiyo maana nauliza: mbuta akikimbia sisi tunamwachia uzi achoke mwenyewe. Nyinyi mbona mnavutana na kasamaka ka kilo moja mpaka mnahitaji kamba ya ng'ombe?

NahodhaKamere

Kwa sababu mbuta ana pa kukimbilia. Mbuta huelekea kwenye kina, uzi ukimfuata kwenye maji matupu. Besi hana safari. Nyumbani kwake ni pale pale alipodakia, chini ya lile zulia, na ukimwachia mita moja tu ameshafika. Kwa hiyo hapa breki hufungwa karibu kabisa, unamgeuza kichwa kabla hajajua kimetokea nini, na unamleta juu juu ya magugu akiteleza kwa ubavu. Sekunde za kwanza ndizo zote. Baada ya hapo ni kazi ya kusogeza boti hadi kwenye gugu na kumchimbua kwa mkono.

Sehemu hiyo ya kufunga breki nailoni haiiwezi. Paundi 25 labda, lakini unene wake unakaribia nusu milimita, na uzi mnene hivyo kwenye rili ya kuning'inia hurukaruka kutoka kwenye spuli na kujifunga. Binamu apelekewe salamu.

Mdadisi77

Samahani, mimi mgeni. Ziwa Nakuru je? Ni karibu zaidi na Lanet.

FundiRili

Ziwa la magadi, ndani ya hifadhi ya taifa. Besi hayupo na fimbo huingii nayo. Teremka Naivasha.

Nirudi kwenye uzi. Mimi hutengeneza rili hapa mjini, na ninachoona kila siku ni kwamba watu hununua namba iliyoandikwa kwenye karatasi bila kujua kilicho ndani. Aina ni tatu, kila moja na udongo wake.

Nailoni ndiyo ya zamani kati ya hizi. Kampuni ya DuPont iliitangaza nailoni mwaka 1938 na haikuchukua muda ikaingia kwenye uvuvi. Ni rahisi, inafungika vizuri, inasamehe. Lakini inakunywa maji na ikilowa hupungua nguvu kidogo, na jua huila. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, jua la huko si la mchezo. Nailoni iliyokaa kwenye dirisha la gari msimu mzima usiipeleke ziwani.

Florokaboni waliianzisha Wajapani, kampuni ya Kureha, mwaka 1971. Sifa yake kubwa ni jinsi inavyopinda mwanga. Kipimo cha maji ni 1.33, florokaboni 1.42, nailoni kama 1.5. Iko karibu zaidi na maji, kwa hiyo huonekana kwa shida zaidi. Hainywi maji, inavumilia kukwaruzwa, na ni nzito: uzito wake kwa ujazo ni 1.78 ya maji, inazama. Ubaya ni kwamba ni ngumu, inakumbuka umbo la spuli, na fundo likifungwa kikavu linaungua.

Wa kusuka ni polietilini, nyuzi nyembamba nne au nane zilizosukwa pamoja. Uzito wake ni 0.97, kwa hiyo unaelea. Hilo lina maana kwako, Kijana, kama unatumia chambo cha chura wa mpira juu ya magugu. Florokaboni itazama na kumvuta chura pua chini, ataacha kutembea anavyotakiwa. Wa kusuka unalala juu ya majani pamoja naye.

Sasa hilo la "samaki hauoni". Sifa ya florokaboni ni ya kweli, lakini ni sifa ya maji maangavu. Naivasha mnaijua ilivyo. Tangu samaki aina ya karpi waongezeke miaka ya 2000, wanachimba tope chini usiku na mchana, na mvua ikinyesha mto Malewa unaleta udongo wake. Juu yake weka zulia la hayasinti linaloziba mwanga. Samaki aliye chini ya paa hilo anadaka kitu kilichomwangukia mbele ya pua. Anayekuuzia kutoonekana hapo anakuuzia miwani ya jua ya kuvaa usiku.

Mkulima_Subukia

Fundi, hapo umesema kweli kwa Naivasha, lakini watu wasome hadi mwisho. Sisi tunaovua kwenye mabwawa ya mashamba huku juu maji yetu ni maangavu, unaona jiwe chini. Na gugu letu si la kuelea, ni lile la chini ya maji, laini, kama manyoya, linafika karibu na uso halafu linasimama. Nimemwona besi akimfuata mnyoo wa plastiki, akafika karibu na ule uzi wa kijani, akageuka. Akageuka kabisa.

Kwangu mimi uzi wa kusuka wa paundi 30 kwenye rili, na mbele yake florokaboni ya paundi 15 urefu wa mkono mmoja au miwili. Ukivulia chambo chenye ndoana zenye meno matatu, kile cha kupita juu ya gugu, achana na kusuka kabisa, tumia florokaboni tupu. Gugu laini likishika ndoana unataka uzi unaolegea kidogo ili ulinyakue lipasuke, na besi akidaka saa hiyo hiyo usimrarue mdomo.

NahodhaKamere

Sina ubishi. Mabwawa ni mabwawa. Ila KijanaWaLanet ameuliza hayasinti.

Ninaloongeza: kwenye gugu zito usiweke kipande cha florokaboni mbele. Nimeona wengi wakifanya hivyo kwa sababu video imesema. Fundo la kuunganishia ndilo hushika kwenye mizizi, na ndilo hukatika. Funga wa kusuka moja kwa moja kwenye ndoana.

MtiMkavu

Nimesoma nikinyamaza lakini sasa naona mnampeleka kijana pabaya. Nahodha, wewe unavulia wapi? Mbele ya Kamere kuna mazulia, sawa. Lakini tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020 likaingia hadi mtaa wa Kihoto, ufuo wote ule wa migunga ya manjano umekufa umesimama majini. Kuna mashina, kuna seng'enge za mashamba, kuna vyuma. Besi wamehamia huko. Hayasinti nayo, upepo ukigeuka, inasukumwa na kuegemea kwenye ile miti. Kwa hiyo juu kuna gugu, chini kuna mti.

Uzi wa kusuka kwenye mti mkavu unaingia ndani ya mbao. Haupiti juu, unachimba. Ukishachimba umekwama, na hauna ulaini wa kujinasua. Kwenye seng'enge ndiyo usiseme, nyuzi moja moja zinakatika mpaka unashangaa paundi 50 imeenda wapi. Mimi natumia nailoni ya paundi 20 kwenye rili ya kukaa juu ya fimbo, na siku nikiwa na pesa florokaboni ya 20. Inakwaruzika lakini inateleza juu ya gogo.

NahodhaKamere

Hapo kwenye miti una haki. Lakini mwulize mwenyewe shida yake ni nini. Kasema mizizi ya hayasinti.

MtiMkavu

Kasema "hayasinti" kwa sababu ndiyo anayoiona. Uzi ukikatika chini ya maji anajuaje ulikatwa na nini?

FundiRili

Swali hilo lina jibu. Kijana, ile ncha ya uzi iliyorudi uliitazama? Nailoni ikikatika kwa kuvutwa tu, ncha huwa imejikunja kidogo, na juu yake uzi ni laini. Ikikatika kwa kukwaruzwa, pitisha ukucha kwenye nusu mita ya mwisho, utahisi mikwaruzo na weupe weupe. Na ikiwa ncha imejisokota kama mkia wa nguruwe mdogo, hapo fundo ndilo limefunguka, wala si gugu wala mti.

KijanaWaLanet

Nimeenda kuitoa kwenye gari. Laini. Imejikunja pale mwisho. Hakuna mikwaruzo.

NahodhaKamere

Haya.

MtiMkavu

Sawa, wa kusuka basi. Lakini usiupeleke kwenye miti halafu uje hapa kulia.

MzeeWaMalewa

Vijana, mnabishana vizuri. Mimi nataka tu mjue kwa nini ushauri wa hao Wamarekani kwenye video unafaa nusu na haufai nusu.

Besi si mwenyeji hapa. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 ili wazungu wapate mchezo wa kuvua. Wale kamba wekundu wa maji baridi waliletwa mwaka 1970, na wao asili yao ni Louisiana. Hayasinti ikaonekana ziwani mwaka 1988, na ilikotoka ni Amerika Kusini, lakini huko Florida pia imejaa. Angalieni sasa: samaki wa huko, chakula cha huko, na gugu linalowasumbua hata wao. Kamba hujificha kwenye mizizi ya hayasinti, besi anakaa chini yake akiwangoja. Ndiyo sababu mbinu yao ya kutoboa zulia kwa chubwi nzito inafanya kazi hapa kama ilivyo kwao. Wao hutumia uzi wa kusuka wa paundi 65 na chubwi ya gramu 28 hadi 42, ndoana moja nene, kiluwiluwi au kamba wa plastiki, na wanaangusha chini moja kwa moja hatua chache kutoka kwenye boti.

Lakini maji yao mengi si kama yetu, na majahazi yao si kama yetu. Ukimfungia breki besi aliyeshikwa kwenye kichaka huku umekaa kwenye boti dogo lisilo na nanga, boti ndilo linalokwenda kwa samaki. Nimecheka sana kwa hilo ziwani. Tia nanga, au mwenye kasia akae tayari kurudisha nyuma.

Na sipendi kuwatisha, ila zulia la hayasinti lililoegemea mafunjo ni mahali kiboko hupumzika mchana. Lisogeeni taratibu, gongeni ubavu wa boti mkiwa mbali, mkae mkisikiliza kabla ya kurusha.

KijanaWaLanet

Asante mzee, shikamoo. Hiyo ya paundi 65, mbona Nahodha amesema 50?

NahodhaKamere

Marahaba nimpokelee mzee, ameenda kulala. 65 ni kwa rili ya kukaa juu na fimbo nene kama ya kuchungia. Ni karibu milimita 0.40. Wewe una rili ya kuning'inia na fimbo ya kiasi. Ukiweka 65 ukafunga breki, kitakachovunjika ni fimbo, au ndoana itanyooka. Uzi haufai kuwa na nguvu kuliko kila kitu kingine ulichoshika. 50 inatosha na chubwi ya gramu 14 hadi 20. Usitoboe katikati ya zulia nene, vulia kingo na yale matundu upepo unayofungua.

Na badilisha ndoana. Ndoana nyembamba uliyotumia na nailoni haitakaa. Chukua zenye waya mnene.

MamaSamaki_Karagita

Niseme na mimi ambaye sivui kwa fimbo. Nauza samaki, na mume wangu ana nyavu.

Nyinyi watu wa uzi wa kusuka mnatuumiza. Ndoana yenu ikishika wavu mnavuta kwa nguvu zenu zote, na uzi ule unakata macho ya wavu mfululizo kama mkasi. Nailoni ilikuwa ikikatika yenyewe, tunatoa ndoana, basi. Ukihisi kitu kinachovutika polepole na hakipigi, huo ni wavu wa mtu. Sogeza boti, inua kwa mkono, chomoa ndoana. Na karibu na maboya yetu msirushe kabisa.

La pili, vile vipande mnavyokata na kutupa. Haviozi. Mnandi na mwari wanajifunga miguu navyo, na mtoto wangu alimtoa mmoja kwenye mafunjo mguu umevimba. Tieni mfukoni, mchome au mtupe nyumbani.

NahodhaKamere

Mama, hilo la nyavu ni kweli na sisi wa maboti tunalisikia kila siku. Abiria wangu nawaambia mapema: uzi ukikwama usiuzungushe mkononi. Unakata nyama hadi mfupa. Zungusha kwenye kipande cha mti, mpini wa kasia hata, halafu vuta ukiwa umenyoosha fimbo upande mwingine.

Mdadisi77

Rangi je? Kuna kijani, manjano, nyeupe, na moja ina rangi zote.

FundiRili

Kijani iliyokolea. Ile ya rangi nyingi ni ya kupimia kina baharini, kila mita kumi rangi inabadilika. Manjano ni ya mtu anayetaka kuuona uzi unaposhtuka, inafaa kwenye maji yetu ya tope kama macho yako yamechoka.

Muhimu kuliko rangi ni idadi ya nyuzi. Utaona X4 na X8. Ya nane ni laini, haipigi kelele kwenye pete, inaruka mbali. Ya nne ni ya kukwaruza kidogo, rahisi zaidi, na kila uzi wake ni mnene kwa hiyo inavumilia. Kwa magugu mimi humwambia mteja achukue ya nne abaki na nauli.

KijanaWaLanet

Nimeipata ya nne, ya kijani. Sasa fundo. Lile ninalofunga nailoni, la kuzungusha mara tano na kurudisha ncha, jamaa yangu anasema litateleza.

FundiRili

Litateleza, ndiyo. Polietilini ni telezi. Funga palomari. Kunja uzi mara mbili, pitisha ule mkunjo kwenye jicho la ndoana. Ukishapita, funga fundo la kawaida kabisa, kama la kamba ya kiatu hatua ya kwanza, ndoana ikining'inia katikati. Halafu lile tundu la mkunjo livishe ndoana yote lipite hadi juu ya jicho. Lowesha kwa mate, kaza polepole kwa kuvuta ncha zote mbili. Kulowesha si mapambo: polietilini huyeyuka karibu nyuzi joto 150 wakati nailoni hupita 200, na msuguano wa uzi kwa uzi unatosha kuidhoofisha.

Kabla ya yote, usifunge wa kusuka kwenye spuli tupu. Utazunguka wote kwa pamoja na utadhani breki imeharibika, utaniletea rili nikutoze bure. Tanguliza mita kadhaa za nailoni yako ya zamani, unganisha, ndipo ujaze wa kusuka juu yake. Hiyo pia inakuokolea uzi. Na ujaze ukiwa umekazwa, mtu aushike kwa kitambaa kilicholowa. Ukijazwa legelege, siku ya kwanza ya samaki utajizika ndani ya spuli.

MtiMkavu

Na amwambie ahakikishe namba. Soko limejaa spuli zimeandikwa 100 na hazifiki 40.

FundiRili

Kweli. Zungusha uzi kwenye penseli mara 20, mizunguko igusane bila kupandana, pima upana, gawanya kwa 20. Halafu funga ncha kwenye mizani ile ya kupimia mizigo ya safari, vuta taratibu hadi ikatike. Vaa miwani. Nguvu bila unene haina maana, na unene bila nguvu ndiyo wizi wenyewe.

KijanaWaLanet

Mizunguko 20 imechukua milimita 10 na ushee. Imeandikwa 50.

FundiRili

Hiyo ni zaidi ya nusu milimita. Tulitarajia kama 7. Umeshajaza kwenye rili?

KijanaWaLanet

Bado. Nimekata mita moja tu ya kupimia.

FundiRili

Pima na mizani.

KijanaWaLanet

Imekatika ikisoma kilo 13.

NahodhaKamere

Hiyo ni chini ya paundi 30. Irudishe kesho asubuhi, na penseli uende nayo.

KijanaWaLanet

Wadau, nimetoka dukani sasa hivi. Mwenye duka amekubali kubadilisha baada ya kuona mizani mwenyewe, nimeongeza pesa kidogo. Hii mpya mizunguko 20 ni milimita 7 na nusu. Palomari, imekatika kilo 20, pale kwenye fundo.

FundiRili

Kukatikia kwenye fundo ni kawaida. Kilo 20 na fundo ndani yake, ni uzi wa kweli. Jaza.

NahodhaKamere

Jumamosi uwe ufuoni saa kumi na mbili na nusu. Upepo huanza mchana, na ukianza hayasinti yote inahamia upande wa MtiMkavu.

MtiMkavu

Nitakuwa huko na nailoni yangu. Leteni kasia la ziada.